Kadi Mpya kwa Mashine ya Berna

Wazo, Dar es Salaam
12 Januari 2025

Mwanangu Bernadeta,

Tumsifu Yesu Kristo. Na wewe Sista Auleria, mlezi wa wanovisi wanaojiandaa kuwa masista, unayesoma barua hii kabla haijamfikia mwanangu, pokea salamu zako hapahapa mwanzoni, usijisikie kama unachungulia. Naelewa ni utaratibu wa nyumba. Kama ni utaratibu pia kwamba wanovisi hawana simu, basi tutaandikiana kama wazee wetu, na dereva wa basi anayetubebea barua atapata soda yake.

Huku hatujambo. Goti la mama yako limetulia, ila amegundua kwamba likiuma mie ndiye ninayechota maji, kwa hiyo sina hakika limetulia kiasi gani. Kuku wametaga vizuri. Paa la uani nimeliziba kabla ya mvua.

Sasa nina swali la ufundi. Unajua tangu uondoke Faraji ameendelea kuniletea mikanda ya harusi anayopiga, akisema, "Mzee Poli, we jaribu tu." Nimejaribu, na sasa nakata na kuunganisha bila kumuuliza mtu. Tatizo ni kwamba Faraji amepata kamera mpya na picha zake ni nzito. Mashine yako ya kompyuta inakwama. Juzi bibi harusi alisimama mlangoni mdomo wazi, hasogei, huku sauti ikiendelea mpaka watu wakamaliza kula.

Nimepata kadi ya grafiksi. Ina feni mbili na ukubwa wa nusu tofali. Boksi linasema inataka pawa saplai, kile kisanduku cha kuilisha mashine umeme, ya wati 550. Ya kwako imeandikwa 650, kwa hati kubwa nyekundu. Mie nimekuwa fundi umeme kiwandani mpaka nastaafu, nimelisha mota ambazo ukisimama karibu meno yanatetemeka, kwa hiyo najua kwamba 650 ni kubwa kuliko 550. Nakuuliza kwa adabu tu, kwa kuwa mashine ni yako. Wateja wako wa video bado wanakuja kukuulizia. Nawaambia uko safarini.

Barua yako ya Krismasi tuliipata. Yale mengine mama yako atakujibu.

Baba yako,
Polikarpo


Nyumba ya Malezi, Songea
2 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sista Auleria anasema milele na milele, amina, na anasema hajisikii kuchungulia hata kidogo. Alicheka alipofika kwenye goti la Mama. Kisha akaniita nimweleze kadi ya grafiksi ni nini, nikamwambia ni kile kipande kinachoichorea kompyuta picha ili prosesa, ubongo wake, isichoke peke yake. Akasema hata hapa nyumbani kuna masista wanaohitaji kusaidiwa hivyo.

Mimi ni mzima. Mvua ni nyingi, baridi nimeizoea, na tunapalilia mahindi kila asubuhi. Ukiiona mikono yangu utasema si ya mtu aliyekuwa anakaa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya skrini akinywa soda.

Baba, usiamini hiyo 650 nyekundu. Ile pawa saplai ilikuja ndani ya kasha la bei rahisi nililonunua nilipoanza, na ilitosha kwa sababu mashine haikuwa na kadi. Namba kubwa ni ya kuuzia. Fungua ubavu wa kasha, usome karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai yenyewe. Kuna kijedwali. Tafuta mstari wa volti 12, uone umeandikwa ampea ngapi. Kadi na prosesa vinakula hapo, kwa hiyo zidisha ampea hizo kwa 12, upate wati za kweli. Halafu angalia kama kuna waya wenye plagi ya matundu nane kwa ajili ya kadi. Kama haupo, usiunganishe kwa adapta za kuokoteza. Na tafadhali usiweke kadi mpaka nikujibu.

Hili la pili si la ufundi. Niliwaandikia Krismasi kwamba tarehe 15 Agosti nitaweka nadhiri zangu za kwanza. Desturi ya hapa ni kwamba wazazi humsindikiza binti yao kutoka mlangoni mwa kanisa hadi altareni, na kumkabidhi. Mama ameniandikia kwamba atakuja. Wewe umeniandikia kuhusu kuku.

Na kwa nini unawaambia watu niko safarini?

Mwanao anayekupenda,
Bernadeta


Wazo
20 Februari 2025

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo, wewe na Sista Auleria, ambaye nimeanza kumpenda. Huku joto limetuelemea hata vumbi limechoka kupaa. Mama yako ameteuliwa kuwa mweka hazina wa jumuiya, na sasa anatembea kama benki.

Nimefungua ubavu, nimesoma. Mstari wa volti 12 una ampea 18. Zidisha, ni wati 216. Kadi peke yake inakula 170, prosesa 95. Jumla 265. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi nikitumaini nimekosea, maana sijapenda kuona mwanangu amesema kweli na mie nikiwa na hati za ufundi ukutani.

Lakini nikwambie, kilichoniudhi ni huyo aliyeandika 650. Kiwandani kila mota ina kibati chake, na kibati kikisema kilowati mia, ni mia. Kikidanganya mtu anakufa. Nilikuwa nakiangalia kibati, namaliza. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu mzima anaweza kukaa akachapisha uongo kwenye chuma.

Plagi ya matundu nane haipo. Sasa nakuuliza kwa mfano tu. Mtu akiwa ametumia adapta, akachukua umeme kwenye zile plagi za diski, na mashine ikawaka vizuri, ikaenda vizuri, halafu ikawa inazima yenyewe kila video inapofika kwenye kukata keki, tatizo linaweza kuwa nini? Keki ina mwanga mwingi na fataki, labda ndiyo sababu.

Mama yako anakusalimu sana.

Polikarpo


Wazo
16 Machi 2025

Mwanangu,

Najua ni Kwaresima na huko hamjibu barua. Naongezea tu kwenye ule mfano.

Kama huyo mtu wa mfano akisikia mlio kama wa bisi moja, halafu harufu ya plastiki, na baada ya hapo mashine haiwaki kabisa, je, ni pawa saplai peke yake au na vingine vimekwenda?

Mama yako anasema sebule inanuka. Tumefungua madirisha.

Baba


Nyumba ya Malezi, Songea
27 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Sista Auleria alizitunza barua zako mbili mpaka Jumatatu ya Pasaka, akanipa zote pamoja, akasimama palepale kuona uso wangu nikifika kwenye bisi.

Kwanza, huyo mtu wa mfano hajaumia? Mikono yake mizima? Nijibu hilo kabla ya lingine lolote. Pili, niliandika "tafadhali usiweke kadi mpaka nikujibu". Ungekuwa wewe ni mwanangu ningekuchapa.

Ulipokuwa unakata vipande vya kawaida kadi ilikuwa inafanya kazi kidogo. Kwenye keki, pamoja na zile fataki zote, ikataka kula shibe yake, na mstari wa volti 12 hauna. Ndiyo maana ikazima. Na wewe ukawasha tena, na tena, nakujua. Pawa saplai imekufa. Usiifungue, wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kapasita hutunza umeme hata waya ukiwa nje. Mazabodi, ile bodi kuu, na diski huenda zimepona. Mwambie Faraji aazime pawa saplai nyingine nzima, mjaribu bila kadi. Ikiwaka, shukuruni. Ya kununua iwe na ampea 40 au zaidi kwenye mstari wa volti 12, na waya wake wenyewe wa matundu nane. Ishike mkononi kabla ya kulipa. Ikiwa nyepesi, irudishe kwenye kabati la muuzaji.

Sasa nisikilize, Baba. Wakati wa Kwaresima huwa tunapewa kimya kingi, na mimi kimya changu kingi nimekitumia kufikiria kadi yako. Mikanda ya Faraji ingeweza kwenda kwa mtu mwingine. Mama ananiambia hujabadilisha chochote kwenye kile chumba, hata koti langu bado liko nyuma ya mlango. Wateja unawaambia niko safarini. Na kadi ya namna hiyo mtu haiweki kwenye mashine ya kubahatisha. Unanitengenezea mashine ili nikirudi niikute iko tayari, nzuri kuliko nilivyoiacha.

Sirudi, Baba. Si kwamba nimewachoka, wala hakuna aliyenidanganya. Nawakumbuka mpaka nasikia uchungu, hasa jioni tukimaliza kula, maana ndio wakati ulikuwa unakuja kusimama nyuma ya kiti changu kukosoa video za watu. Lakini hapa nina amani ambayo sikuwa nayo kwenye kile kiti. Nilikwambia hivyo siku naondoka, nawe ukaniambia nisisahau chaja.

Usininunulie pawa saplai. Kama kazi hii umeipenda mwenyewe, inunue kwa ajili yako. Kama ni kwa ajili yangu, acha mashine ikae ilivyo. Na tarehe 15 Agosti bado hujanijibu.

Nakupenda,
Berna


Wazo
13 Julai 2025

Mwanangu Berna,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua nimechelewa. Mikono ni mizima. Huyo mtu wa mfano anasema asante.

Huku mama yako hajambo, ameshona nguo ya Agosti na ameificha nisiione, kana kwamba ni yeye anayeweka nadhiri. Kuku wawili wameugua, mmoja tumemuwahi.

Barua yako ya Aprili ilinikasirisha. Nimeanza kukujibu, nikachana, nikaanza tena. Nilitaka kukuandikia kwamba hujui unachosema, kwamba kadi ni kadi na mtu anaweza kununua kadi. Halafu nikaenda kwenye kile chumba, mashine iko mezani ubavu wazi, waya nje, nikajiuliza naificha aibu hii kwa nani. Ni kweli, Berna. Nilifikiri ungefika kwenye hiyo nyumba, wangekuamsha alfajiri kupalilia mahindi, ungechoka, ungerudi. Nikasema akirudi asikute mashine imezeeka akajuta mara mbili. Kila nilipojifunza kitu kipya nilikuwa nasema moyoni, nitamwonyesha. Hilo ndilo lililokuwa linaniamsha asubuhi tangu nistaafu.

Mwanzoni mwa Juni Faraji alikuja na Bi Zubeda wa Kunduchi, yule mwenye meza ya samaki pale wavuvi wanaposhushia. Binti yake Najat ameolewa, na harusi nzima iko kwenye kamera. Bi Zubeda akakaa, akasema, "Mzee Poli, mie kazi hii namtaka Berna. Anarudi lini?"

Faraji akaangalia sakafu. Mie nikafungua mdomo kusema uko safarini, kama kawaida. Nikasema, "Berna harudi. Anakuwa sista. Hapa nipo mie."

"Eh! Sasa si ungesema siku zote hizo? Sie tulishajua mtoto yuko Uarabuni, tena tunamwombea dua asiteswe huko."

"Hateswi."

"Basi alhamdulillahi. Na wewe unaweza kuifanya hii, au utanikatia watu vichwa?"

Nikamwambia ninaweza. Kilichonishangaza, Berna, ni kwamba niliposema hivyo sikuwa nadanganya.

Kesho yake tukaenda Kariakoo mie na Faraji. Muuzaji akanipa ya kwanza, imeandikwa 750, nyepesi kama boksi la biskuti. Nikairudisha. Nikamwambia nipe nisome ubavuni. Akaniletea nyingine na nyingine mpaka akachoka na mie. Niliyochukua imeandikwa 550 tu, ndogo kuliko ile ya uongo, lakini mstari wa volti 12 una ampea 45 na waya wa matundu nane umetoka ndani yake. Nzito. Mazabodi imepona, diski imepona, kadi imewekwa. Najat ameingia ukumbini anatembea bila kukwama hata hatua moja, na keki imekatwa, fataki zote, mashine haijakohoa. Bi Zubeda amelia kwenye video ya mwanawe, na ametuletea samaki changu mpaka mama yako ameomba apunguze.

Niliinunua kwa ajili yangu. Koti lako nimelikunja, nimempa mama yako.

Kuhusu Agosti, nitakuja. Faraji ananiazima ile kamera mpya. Nitapiga mwenyewe kuanzia mlangoni mpaka mwisho, sitakosa kitu, na nikirudi nitaikata vizuri kuliko harusi yoyote. Hiyo ndiyo itakuwa zawadi yangu kwako.

Baba yako,
Polikarpo


Nyumba ya Malezi, Songea
27 Julai 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma shambani, nimeisoma jikoni, na Sista Auleria ameniomba aisome tena, safari hii kwa kuomba. Ananiambia nikwambie kwamba Bi Zubeda amemfurahisha sana. Mimi ni mzima, nimepungua kidogo kwa mbio za maandalizi. Tunashona, tunafanya mazoezi ya nyimbo, tunasafisha kanisa ambalo tayari ni safi.

Siwezi kukueleza nilivyofurahi kuhusu mashine. Ampea 45. Hata mimi nisingechagua vizuri zaidi. Na ulivyomjibu Bi Zubeda, Baba, nimekaa nayo hiyo sentensi tangu juzi. Niliogopa kwamba siku moja ningekuja likizo nikakuta mtaa mzima unanishangaa kama mtu aliyefufuka.

Lakini usije na kamera.

Nakuomba usikasirike tena, maana mpaka barua nyingine ya hasira ifike nitakuwa nimeshaweka nadhiri. Nakujua. Kwenye mazishi ya Babu kule Masasi ulikuwa unafunga taa, unavuta waya, unarekebisha kipaza sauti siku mbili nzima, na hakuna aliyekuona umekaa na ndugu zako. Ukiwa na kitu cha kushika huna haja ya kusimama pale jambo lilipo. Mwenye kamera atasimama pembeni, karibu na kwaya, jicho moja limefumbwa. Atanipiga mimi nikitembea, na upande wangu wa kulia atakuwepo Mama, na upande wa kushoto hatakuwepo mtu.

Tukifika altareni padri ataniita jina, nitajibu nipo hapa, na hapo ndipo wazazi wanapoachia mkono. Sitaki video ya hapo kama mkono wako haumo. Ukiona huwezi, niambie tu, nitatembea na Mama, na nitaendelea kukuandikia kuhusu ampea kama kawaida. Sitakupenda pungufu. Lakini usinijibu kwa kamera.

Berna wako


Wazo
5 Agosti 2025

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Wote wazima. Tiketi tumekata, tunafika tarehe 13 jioni. Mama yako amebeba kuku wawili kwa ajili ya Sista Auleria na hataki kushauriwa.

Nilikasirika kwa siku moja. Mama yako aliisoma barua yako, akaniambia, "Mtoto amekusoma kama kile kibandiko cha pawa saplai," akaenda kulala.

Nilimwendea Faraji kumrudishia kamera. Akasema basi na yeye anakuja, atapiga mwenyewe, hajawahi kuingia kanisani lakini amepiga harusi nyingi na anajua kusimama pembeni. Nimemwonyesha kwenye karatasi mlango uko wapi na altare iko wapi, kwa kukisia. Nimemwambia asihangaike na mapambo wala na kwaya, awe upande wa kushoto.

Mie nitakuwa nimekushika mkono. Nimejaribu viatu, nimejaribu koti, nimejaribu hata kutembea polepole uani, mama yako akacheka mpaka akakaa chini. Anasema nitalia kabla hatujafika katikati ya kanisa. Huenda. Tukirudi nitakaa kwenye mashine niikate video yako mwenyewe, na kipande hicho, Berna, sitakiondoa.

Baba yako,
Polikarpo